Aliyemwitikia Mwadhini

Wametusimulia waliotutangulia, nao walipokea kwa waliowatangulia wao, ya kuwa katika bonde moja la nchi ya Hadhramaut palikuwa na mji mdogo wa nyumba za udongo, na katika mji huo aliishi mwadhini aliyeitwa Mzee Ukasha bin Rabii, Mwenyezi Mungu amrehemu. Mola alikuwa amemjaalia sauti. Husemwa kwamba alipoadhini alfajiri, hata wavivu wa mji walijigeuza kitandani kwa haya, na wapo walioamka. Hakuwa na elimu kubwa ya vitabu, lakini alikijua kivuli cha kila ukuta, na watu walimwamini kwa saumu zao na futari zao. Alipoita, walikula. Alipokuwa hajaita, tende zilisubiri viganjani.

Kisha uzee ukabisha hodi, nao haungoji kukaribishwa. Yalianza masikio kuwa mazito, ikafuata kumbukumbu. Siku moja aliadhini adhuhuri mara mbili, na siku nyingine akashuka mnarani kabla ya kumaliza, akisema amesahau alichopandia. Wakubwa wa mji wakamjia na maneno mazuri na kanzu mpya, wakamwomba apumzike. Kazi akapewa mwanawe Suhail, ambaye sauti yake ilikuwa ile ile ya baba. Mtu akiwa nje ya ukuta hawezi kuzitofautisha. Mzee akaipokea kanzu na kushukuru, na baada ya hapo hakuna aliyemjia tena. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao, lakini watu wa mji ule waliusahau mbacha wao kabla msala haujapata vumbi.

Aliyebaki naye mchana kutwa ni Lubaba, mke wa Suhail, binti wa wafinyanzi wa ng'ambo ya bonde. Alikuwa mcha Mungu, mchapakazi, na mwenye ulimi mkweli kupita kiasi. Mama yake mzazi aliwahi kumwambia kwamba ulimi ule utamfikisha peponi lakini hautamfikisha kwenye karamu nyingi. Aliolewa katika nyumba ile baada ya mama mkwe, Bibi Umaima, kwisha kufariki, kwa hiyo hakuwahi kumwona. Alimlisha mzee, alimwosha miguu, alimtandikia, na kwa hayo yote hakulalamika. Lililomshinda ni adhana.

Maana mzee hakuacha kuadhini. Akiwa ameketi uani, saa yoyote ile, atainuka, ataweka viganja masikioni na kuita kwa sauti yote aliyobakiwa nayo, na alibakiwa nayo nyingi. Akimaliza, huanza tena. Nyumba yao ilipakana na msikiti, basi watu wa mtaa wakawa hawajui washike lipi. Jirani yao, Bwana Mis'ari muuza asali, aliwahi kutawadha mara tatu kabla ya adhuhuri, na hiyo mara ya tatu alitawadha huku akinung'unika, jambo lisilomfaa mwenye udhu.

Suhail alimpenda baba yake, lakini hakujua amfanyeje. Alikuwa akimjia kwa nyuma, akainama sikioni na kumpigia kelele kwamba si wakati, Baba, si wakati. Mzee alishtuka kila mara, akamgeukia mwanawe kwa fedheha, kwa kuwa katika miaka yake yote ya mnarani hakuna aliyewahi kumwambia kwamba ameita pasipo wakati. Kisha akasema maneno ambayo hayakubadilika: “Nimeita, wala hakuna aliyeitika.” Suhail alidhani anawasema waumini waliochelewa msikitini, akamjibu kwamba watakuja wakati ukiingia. Lubaba naye alidhani hivyo hivyo. Na tusifiche, kwa kuwa waja wema nao walikuwa watu: zipo siku alizorudi jikoni na kukifunika chungu kwa nguvu ambayo chungu hakikustahili.

Ikaja Ramadhani. Siku moja baada ya alasiri upepo wa vumbi ukashuka kutoka majabalini. Mbingu ikawa ya manjano, kisha ikawa giza, na kuta zote zikapoteza vivuli vyao. Lubaba alikuwa ndani akichambua dengu za futari. Mzee akautazama ukuta, hakuona kivuli, na kwa mtu kama yeye ukuta usio na kivuli ulikuwa na maana moja tu. Akainuka. Aliposema “Allahu Akbar” ya kwanza, mtaa mzima ukasikika ukimimina maji. Lubaba alitoka mbio, lakini alipofika uani mzee amekwisha kupita shahada mbili, na watu wamekwisha kumeza.

Muda si muda upepo ukapita, vumbi likatulia, na jua likaonekana juu ya jabali, limebakiza urefu wa mkuki kabla ya kutua. Watu walikaa milangoni na kokwa za tende mdomoni, wakilitazama.

Wote waliamini ni Suhail aliyeita. Yeye wakati ule alikuwa kisimani nyuma ya msikiti akiteka maji ya kutawadhia, wala hakuna aliyemwona. Akaingia nyumbani kwa mlango wa uani kabla watu hawajafika kwa ule wa mbele, akamkuta mkewe amesimama karibu na mzee, na kwa uso wake akaelewa yaliyotokea.

“Nitasema ni mimi,” akasema. “Wanitukane mimi, wamwache Baba.”

Lubaba alijua kwa nini anasema hivyo. Bwana Mis'ari alikuwa amekwisha kupendekeza mara kadhaa kwamba mzee awekwe katika ghala ya tende iliyo nyuma ya nyumba, ambayo kuta zake ni nene na haina dirisha, apate kuita humo mpaka achoke asimsumbue mtu. Ikijulikana kwamba aliyewafuturisha watu mchana ni mzee, hakuna atakayelipinga wazo hilo tena. Neno moja la mumewe lingemwokoa mzee. Lubaba alilitamani neno lile kwa moyo wake wote, akaona haya kwa jinsi alivyolitamani.

“Watu hawa wamefunga kwa ajili ya Mungu,” akamwambia. “Ukiwaambia ni wewe, utakuwa umewadanganya ndani ya ibada yao. Na kesho jua likitua kweli, nani atafuturu kwa sauti yako? Njia ya mwongo ni fupi, mume wangu.”

Machozi yakamlengalenga Suhail. Kisha akatoka na kuwaambia watu ukweli, mlangoni pa nyumba yake mwenyewe.

Kadhi wa mji, mtu mpole mwenye umri, aliamua kwamba aliyekula kwa kudhani jua limetua hana dhambi, ila ajizuie mpaka jua litue kweli, na siku ile ailipe. Akamsifu Suhail kwa kutosema uongo. Lakini Bwana Mis'ari akainuka. Hakuwa mtu mbaya; alikuwa tu mtu aliyekula tende moja na sasa anadaiwa siku nzima. Alisema mzee hana kosa, akili zimemwacha, lakini ibada za watu si mchezo, na haifai kungoja mpaka aharibu mwezi wote. Akaitaja ghala. Wengi wakaitikia kwa vichwa. Kadhi alihuzunika, akasema watu wa nyumba ile wapewe muda hadi Ijumaa watafute njia ya kumtuliza mzee. Wasipoipata, basi baada ya swala atahamishiwa ghalani.

Lubaba aliyasikia hayo akiwa nyuma ya pazia. Alijua amesema haki, na haki ile ikamwuma. Aliposwali aliomba hivi: “Ya Rabbi, sikutaka uongo nyumbani mwangu. Usiifanye kweli yangu kuwa kuta za kumfungia mzee wangu.”

Siku zilizobaki walijaribu kila walilolijua. Walimbembeleza, walimpa tasbihi azungushe, walimweka chumba cha ndani akatoka. Siku moja Suhail alimfunika mdomo kwa kiganja, taratibu, kama mtu amfunikavyo mtoto asimwamshe mwenzake. Machozi ya mzee yakatiririka juu ya vidole vyake. Suhail akautoa mkono wake, wala hakurudia tena jambo lile mpaka mwisho wa uhai wa baba yake.

Alhamisi asubuhi akatoa makapu ya tende ghalani, akafagia, akatandika humo mkeka bora kuliko yote waliyokuwa nayo. Mzee akaja akasimama mlangoni, akatazama ndani.

“Mgeni gani anakuja, mwanangu?” akauliza.

Suhail akainama akaunyoosha mkeka. Mzee akakaa kidogo akingoja jibu, kisha akaondoka akiegemea ukuta, na aliporudi alikuwa amebeba mto wake wa kulalia. Akampa mwanawe. “Mwekee na huu,” akasema. “Mgeni ana haki yake.” Suhail akaupokea, akauweka juu ya mkeka, kisha akatoka nje ya nyumba akakaa msikitini mpaka adhuhuri.

Alasiri ya siku hiyo hiyo Lubaba alikuwa uani anakanda unga wa mikate ya futari, mikono imezama mpaka vifundoni, na mzee ameketi akimwelekea. Ghafla mzee akainuka, akaweka viganja masikioni. Siku nyingine Lubaba angeruka akamshike. Siku ile mikono yake ilikuwa ndani ya unga, na moyo wake ulikuwa umechoka, akabaki pale pale.

“Allahu Akbar, Allahu Akbar,” mzee akaita.

Lubaba alifundishwa tangu utotoni kwamba mwenye kusikia adhana aseme kama asemavyo mwadhini, na mazoea ya utotoni hayaulizi ni saa ngapi. “Allahu Akbar, Allahu Akbar,” midomo yake ikajibu yenyewe. Uso wake ulikuwa umemwelekea mzee, na mwanga wa jua uko kinywani mwake.

Mzee akasita. Akamtazama sana. Alipoendelea sauti yake ilikuwa imepungua, naye Lubaba akamfuata neno kwa neno. Walipofika mahali pa kuwaita watu waje kwenye swala, alijibu kama tulivyofundishwa kujibu hapo, “Lahaula wala kuwwata illa billahi,” akaona mzee anatabasamu, kama mtu aliyerudishiwa kitu chake. Na sauti ikazidi kushuka. Maneno ya mwisho hayakufika hata mlango wa jikoni. Akamaliza, akapangusa uso kwa viganja, akaketi akatulia. Hakuanza tena. Wala hakusema lile neno lake la kila siku.

Lubaba aliufuta unga mikononi, akamsogelea, akaketi chini mbele yake ili macho yao yakutane. Akamwuliza taratibu, akiifungua midomo vizuri, swali ambalo katika nyumba ile hakuna aliyewahi kumwuliza, kwa kuwa kila mtu alidhani analijua jibu lake.

“Baba, ni nani hakuitika?”

“Umaima,” akasema mzee.

Kisha akamweleza, kwa maneno yaliyokatika na kuungana. Alipokuwa juu ya mnara, dirisha la jikoni lilikuwa chini yake. Kila alipoanza kuita, Bibi Umaima aliacha alichokuwa akifanya, akalifungua dirisha na kusimama hapo. Sauti yake haikufika juu, lakini midomo yake aliiona ikienda pamoja na yake, swala tano kila siku, miaka yote ya ndoa yao. Akimaliza, bibi hufunga dirisha, naye hushuka. Hakuna aliyejua habari hiyo isipokuwa wao wawili na Mola wao.

“Sasa naita, dirisha halifunguki,” akasema. “Nikadhani sauti yangu haifiki. Ndiyo nikaongeza.”

Lubaba aliinamisha kichwa akalia. Alikumbuka kila mara waliyompigia kelele kwa nyuma, na kila mara aliyokifunika kile chungu. Alipoinua uso, mzee alikuwa akimtazama kwa makini, na katika macho yake mlikuwa na matumaini makubwa.

“Wewe ndiye Umaima?”

Ndugu yangu msomaji, hapa ndipo mwanamke yule alipojaribiwa. “Naam” moja ingetosha. Mzee angetulia, ghala ingefungwa, Ijumaa ingepita salama, na nani angemlaumu? Lakini aliona kwamba mzee amemfungulia moyo wake, na moyo uliofunguliwa hautiwi uongo. Akaushika mkono wake kwa mikono yake miwili.

“Mimi ni Lubaba, Baba, mke wa Suhail wako. Mama Umaima ametangulia mbele ya haki. Lakini mimi nimekusikia ukiita, na nimeitika.”

 Chozi moja lilishuka likapotea ndevuni mwa mzee.

“Ametangulia,” akasema mwishowe. “Yule siku zote alikuwa akinitangulia.” Akacheka kidogo, kisha akamgeukia tena. “Na wewe umesikia?”

“Nimesikia, Baba.”

“Basi sauti inafika,” akasema, na akajinyoosha kidogo pale alipoketi.

Ijumaa baada ya swala wakaja kadhi na Bwana Mis'ari. Suhail, ambaye mkewe alikuwa amekwisha kumweleza na kumfundisha, aliwaomba wakae kwanza penye kizingiti cha ua, wasubiri. Bwana Mis'ari alikaa kama mtu aliyeacha asali motoni. Haukupita muda mzee akainuka. Lubaba, amejifunika shela lake na kuwapa wageni mgongo, akaenda akaketi mbele yake, na Suhail akaketi kando ya mkewe. Mzee aliwatazama wote wawili, kisha akaita kwa sauti ya mtu anayezungumza na watu wa nyumbani mwake, nao wakamwitikia neno kwa neno. Bwana Mis'ari alilazimika kuinama mbele ili asikie. Alikuwa amekuja kumzuia mzee asisikike, sasa anatega sikio.

Adhana ilipokwisha kadhi aliuliza mzee amenyamazishwa kwa dawa gani.

“Hatukumnyamazisha, Shekhe,” akajibu Lubaba bila kugeuka. “Tumemwitikia. Mwenye kuita huzidisha sauti asipojibiwa.”

Kadhi alijifuta macho kwa ncha ya kilemba. Bwana Mis'ari hakupenda kushindwa kabisa, akauliza kama inajuzu kuiitikia adhana ambayo wakati wake haujaingia. Kadhi akasema kwamba kumtaja Mwenyezi Mungu hakuna saa ya makosa. Na ama haki ya mzee yule, wakati wake uliingia zamani, wao ndio waliochelewa.

Bwana Mis'ari akainuka ili amuage mzee. Kwa mazoea akaenda nyuma yake na kuinama sikioni, na Suhail akamshika mabega na kumzungusha. “Mbele, Bwana Mis'ari,” akamwambia. “Njoo mbele.” Akaja mbele, akapiga magoti, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu akamwamkia mwadhini wake uso kwa uso. Mzee alimjua. Alimtaja kwa jina, akamwuliza hali ya mizinga yake ya nyuki. Bwana Mis'ari alikuja na maneno mengi, akaondoka bila kuyasema.

Jioni ile makapu ya tende yalirudishwa ghalani. Mzee aliyaona yakipita, akamwuliza Lubaba kama mgeni amekwisha kufika.

“Mgeni haji tena, Baba.”

“Basi nirudishieni mto wangu,” akasema.

Akaishi baada ya hapo kadiri Mola alivyomwandikia. Watu wa mtaa walijifunza kupita pale na kukaa mbele yake, na Bwana Mis'ari, baada ya Ramadhani, akawa haji mikono mitupu. Hata ikawadia siku ya ahadi yake. Amelala mkekani, mkono wake umo mkononi mwa Lubaba, Suhail na majirani wamemzunguka, akaanza kuadhini kwa sauti isiyoweza kutikisa uzi. Wakainama wote wapate kumwona mdomo, wakamwitikia. Alisema neno, wakasema neno, mpaka akafika mwisho, akasema, nao wakasema nyuma yake. Kisha wakangoja aanze tena, kama ilivyokuwa kawaida yake. Hakuanza tena.

Na neno la mwisho la adhana, kama ujuavyo, ni La ilaha illa Llah. Watu wengi huomba maisha yao yote wajaaliwe kuondoka na neno hilo mdomoni, na mzee yule aliondoka nalo, kwa adhana ile ile waliyotaka kuizungushia ukuta.

Nasi tulio na wazee majumbani tujitazame. Mara nyingi tunajibu makosa yao, na wito wao tunauacha upite. Ewe Mola, turuzuku masikio ya kuwasikia wazazi wetu, na siku tutakapoita sisi, usitukoseshe wa kutuitikia. Amin.